Mnunuzi wa Bodi

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anauliza habari za goti lako. Anasema usimjibu kwamba ni zima, kwa sababu Mkaza Mjomba alishamwambia ukweli. Sisi huku hatujambo. Paa la jikoni linavuja pale pale, kwa hiyo sufuria kubwa imehamia sakafuni na tunapikia ile ndogo, mara mbili mbili. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha kila mgeni pengo bila kuombwa.

Kile kitabu cha nyota ulichonitumia nimekimaliza, na nimeanza kukisoma upya kwa sababu maktaba ya shule imefungwa, wanapaka rangi.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi ya Jumamosi. Afisa mmoja wa Bodi ya Bahati Nasibu alikuja shuleni kuomba wanafunzi walio chini ya miaka kumi na nane, ambao wazazi wao wako tayari kuweka saini. Mwalimu wa maktaba alinitaja mimi. Nadhani ni kwa sababu siongei sana. Kazi ni hivi: navaa nguo za kawaida, naingia kwenye duka la wakala, naomba tiketi au kadi ya kukwangua. Afisa anasubiri garini kwenye kona. Wakala akiniuliza umri, lazima niseme kweli. Akikataa kuniuzia, nasema asante na kutoka. Akiniuzia, naipeleka tiketi kwa Afisa, anaitia kwenye bahasha, na Bodi inamshughulikia huyo wakala. Siruhusiwi kusema uongo wala kubembeleza. Ndiyo maana nilikubali.

Unamkumbuka rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja? Mwaka jana alikwangua ada yake yote, kadi baada ya kadi, kwenye maduka ya njiani. Aliacha shule. Mama yake mpaka leo anaamini pesa ziliibiwa. Hakuna wakala aliyemuuliza ana miaka mingapi.

Afisa amesema nisimwambie mtu. Mama amesema hasa nisikuambie wewe, kwa kuwa na wewe ni wakala. Lakini sijawahi kukuficha kitu, na nikikuandikia na kuliruka hili nitakuwa nimekudanganya ukurasa mzima. Nakuomba tu, Mjomba. Watoto wakija dukani kwako, huwa unawauliza umri? Tafadhali waulize.

Mpwa wako,
Profesa
(jina ulilonipa mwenyewe, mbele za watu silitumii)


20 Februari

Profesa wangu,

Marahaba sana. Goti ni zima. Mwambie mama yako hivyo hivyo, na mwambie pia kwamba dada mtu haulizi swali huku akimpangia mtu jibu.

Mke wangu yuko salama, amejiunga na kikundi cha kushona na sasa nyumba nzima ina vitambaa, hata redio imevalishwa. Biashara inajikongoja. Juzi mashine ya tiketi ilipoteza mtandao kutwa nzima. Wateja hawakuondoka, wakakaa nami kwenye benchi wameshika tama kama wafiwa. Mmoja akaniuliza kama marehemu aliacha wosia.

Kuna jirani yangu, mama mmoja muuza chupa tupu, naye alikuwa wakala. Bodi imemfungia. Alimuuzia mtoto. Wewe unajua tunavyoishi, mpwa wangu. Mtoto anakuja na noti ameikunja kiganjani. Hapo humwoni mtoto. Unamwona baba yake aliyekaa kwenye kiti nyumbani anasubiri tiketi. Unampa, unamwambia asiipoteze, basi. Sasa kioo cha mashine yake ni cheusi, kimeandikwa kwamba wakala amesimamishwa. Wanazima kutoka huko huko makao makuu, hawahitaji hata kuja. Kila asubuhi anakifuta vumbi.

Kundi letu la simu la Umoja wa Mawakala limechafuka. Mwenyekiti wa upande wenu huko, yule muuza mabati wanayemwita Nyundo, ameandika kwamba watoto wanaotumiwa na Bodi wakijulikana, wataadabishwa wao kwanza ndipo wazazi wao wafuate. Watu wakacheka kwa vile vikatuni vya manjano. Na mimi nilituma kikatuni. Asiyecheka mle anaonekana haraka.

Soma kwa bidii. Mambo mengine uliyoniandikia nimeyasoma. Barua zako nilizoea kuzisomea kaunta, na wateja wana macho. Kuanzia sasa nitazisomea chumbani. Na yale mambo usiyaandike tena, wala kunipigia simu kuyaongea, kwa sababu simu yangu hushinda mikononi mwa watu.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Nilikuwa wa pili. Wa kwanza ni msichana anayesoma akiwa amelala kifudifudi, na walimu wote wanashangaa. Mama ana kikohozi lakini kinapungua. Paa bado.

Uliniambia nisiyaandike yale mambo. Nimejaribu, na nimechana karatasi mbili. Sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Kwenye barabara ya posta, kabla hujafika duka la vitabu, yuko fundi wa saa. Humjui, alihamia hapa baada ya wewe kuondoka. Meza yake ya saa iko mlangoni, na nyuma yake kuna kaunta ya tiketi. Kutwa nzima ana kile kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, na mtu akiingia anakisogeza juu ya paji la uso kama pembe. Nilimwekea noti juu ya kaunta nikasema ninachotaka. Hakuniuliza chochote. Kulikuwa na manyunyu nje, kwa hiyo aliifunga tiketi yangu kwenye kipande cha gazeti ili isilowe, akasema, "Msalimie baba."

Baba, Mjomba. Nilisimama pale nikashindwa kutoka. Nilitaka kumwambia aniulize umri wangu. Nilingoja, naye akadhani nangoja chenji, akanichekea na kunionyesha kwamba pesa ilikuwa kamili. Nikaenda garini. Afisa aliifungua ile karatasi, akatia tiketi kwenye bahasha, akasema, "Kazi nzuri."

Kumbe alikuwa ameshaonywa mara moja kabla yangu. Wiki iliyofuata kioo chake kilikuwa cheusi, na mlangoni kuna karatasi ya Bodi yenye muhuri mwekundu. Nikadhani atabaki na saa zake. Lakini watu walikuwa wanaleta saa kwa sababu wanakuja kununua tiketi. Sasa hawaji. Anakaa mlangoni mikono magotini na kuangalia wanaopita. Mimi napita pale kila siku nikienda shule.

Sheria ni nzuri, naijua, nimekisoma kijitabu chote alichonipa Afisa. Niambie tu kwamba hasira za watu wa Umoja ni za maneno.

Mpwa wako,
Profesa


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa mitihani. Wa pili si haba, na wewe unasoma umekaa.

Leo sitaandika mengi. Kuna picha imetumwa kwenye kundi. Imetoka kwenye kamera ya fundi mmoja wa saa, kamera iliyo juu ya kaunta, kwa hiyo inaonyesha utosi zaidi ya uso. Nywele zimesukwa mistari inayokwenda nyuma. Bega moja. Mikono miwili imeshika noti moja, kama bibi yako alivyotufundisha sote kumpa mtu mzima kitu. Mke wangu aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akaenda kufua nguo ambazo alikuwa ameshazifua.

Nyundo ameandika chini yake: "Huyu ni wa kwetu hapa. Tutampata."

Mwambie mama yako akunyoe leo hii. Mwambie Afisa kazi imekwisha. Usipite barabara ya posta, pitia nyuma ya uwanja. Uliniuliza kuhusu hasira za Umoja. Nyundo hana desturi ya kuandika kitu ambacho hatakifanya.

Barua hii ukishaisoma ichome. Na ile ya Februari pia.

Mjomba


17 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama alininyoa siku ile ile, jikoni, halafu akazifagia nywele na kuzitia motoni mwenyewe. Mdogo wangu anasema nafanana na yai. Barua zako nimezichoma. Nilianza kwa kunakili kipande cha wale wafiwa wa mashine, kwa sababu kilinichekesha, kisha nikakichoma nacho.

Nilimwambia Afisa sitaki tena. Hakukasirika. Alinishukuru, akanikabidhi cheti chenye jina langu lote. Nilimwuliza kuhusu picha. Alisema Bodi haitoi majina ya wanunuzi wake kwa mtu yeyote, ni kanuni, na kwa hiyo niko salama kabisa. Cheti nimekificha ndani ya godoro.

Nilipita nyuma ya uwanja kama ulivyosema. Lakini wiki iliyopita uwanja ulijaa maji na nikalazimika kupita barabara ya posta. Nilikuwa na sare yangu ya kijani na kichwa hiki cha yai. Nilitembea nikiangalia chini. Fundi Saa akaniita.

"Binti, hebu sogea kidogo. Huyu unamjua?"

Akanishikia simu karibu na uso. Pembeni yake kuna mshona viatu, naye akasema bila kuinua kichwa, "Mtaa mzima umeshauonyesha hiyo picha, bado kuku tu."

"Kuku nao wanatumwa dukani siku hizi," Fundi Saa akamjibu. Kisha akanigeukia. "Si unasoma? Wanafunzi mnajuana. Angalia vizuri."

Niliangalia. Sikuwahi kujiona kutoka juu. Nilionekana mdogo sana, Mjomba, mtoto wa kutumwa kweli. Nyuma yangu kwenye ile picha meza ya saa ilikuwa imejaa.

Nikasema, "Sijui."

Akaniambia haidhuru, nikimwona nimwambie tu, yeye ana swali moja la kumwuliza, basi. Aliongea kwa upole. Hakunitambua. Nadhani macho yake yamezoea vitu vya karibu na vidogo, na sura za watu haziingii.

Kazi yote nilikatazwa kusema uongo, na nilipoacha ndipo nikausema. Sasa kila nikifungua kitabu naona lile neno.

Mpwa wako


6 Mei

Profesa wangu,

Marahaba. Usijali kuhusu neno moja ulilosema barabarani. Ulisema vizuri. Ungesema jingine nisingekuwa nakuandikia hivi.

Habari za huku ni njema. Mvua imeacha. Nimenunua benchi jipya, wateja wanasema ni gumu kuliko lile la zamani, nami nimewaambia linawasaidia wasizoee. Mke wangu amevalisha mashine ya tiketi kitambaa chenye maua. Mkaguzi wa Bodi alikuja, akakitoa, akaandika, akakirudisha. Sasa nina karatasi kubwa ya marufuku mlangoni, na nawauliza umri hata wenye ndevu.

Huko kwenu mambo yametulia. Hawaangalii tena upande wako. Unaweza kupita barabara yoyote. Mwambie mama yako alale usingizi.

Nimejuaje, usiniulize. Kwenye kundi watu huongea, na mtu akiongea wengine husikiliza. Wewe soma. Nakutumia kitabu kingine, hiki ni cha mito ya dunia. Kina ramani.

Mjomba wako anayekupenda


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Kitabu cha mito kimefika, kona moja imelowa, asante. Sijakifungua.

Nitakuandikia kilichotokea kama nilivyokisikia. Sehemu nimeambiwa shuleni na sehemu nimeambiwa na Fundi Saa mwenyewe.

Iko shule ya wasichana ya kule mlimani, wanaovaa sare ya buluu. Wewe unaijua, uliondoka hapa ikiwa tayari imejengwa. Pale kuna msichana wa kidato kama changu ambaye husuka mistari ya kwenda nyuma. Tulikutana mara moja kwenye mashindano ya kusoma kwa sauti, akanishinda. Jumatatu iliyopita, wakati watu wanatoka kazini, mchana kweupe, wanaume watatu walimchukua njiani wakamwingiza kwenye ghala la Nyundo, kule yanakopangwa mabati. Walitaka aseme ni nani anamtuma na ni duka gani litafuata. Alisema hajui. Wakamwambia mkaidi. Nyundo akasema basi zile nywele zitoke, zisionekane tena kwenye kamera ya mtu, na wakazikata kwa mkasi wa mabati. Sikio lake la kushoto limeshonwa. Walimwachia jua likizama. Polisi walikwenda, na Nyundo akawaeleza kwamba mtoto aliingia kucheza ghalani akaangukiwa na bati.

Neno alilowaambia ni lile lile nililomwambia Fundi Saa. Lake lilikuwa kweli.

Nilikwenda kwa Fundi Saa jana. Sijui nilitafuta nini. Alikuwa hana kile kioo usoni. Mshona viatu hakufanya mzaha. Fundi Saa aliniambia kama anayeongea peke yake, "Mimi nilitaka leseni yangu. Sikutaka sikio la mtoto wa mtu." Nikamwuliza walijuaje kuwa ni yeye. Akasema kuna wakala aliandika kwenye kundi kwamba anaifahamu ile picha, kwamba yule ni wa shule ya mlimani, ya buluu, wasisumbuke na shule nyingine. Nikauliza wakala gani. Hakumjua. Alisema ni wa mji wa mbali, lakini mzaliwa wa hapa.

Mjomba, ni nani aliyeandika?

Mpwa wako


3 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli. Goti limenisumbua, nakubali sasa, mwambie mama yako ameshinda. Mke wangu anasalimu sana. Amesafisha kile chumba cha nyuma, amekipaka chokaa na kuweka meza karibu na dirisha, panafaa kusomea. Tumeongea, tukaona uje ukae nasi shule zikifungwa, na ukipapenda ubaki. Kuna shule nzuri huku, maktaba yake ina orofa mbili. Tiketi ya basi imo ndani ya bahasha hii. Nimechagua kiti cha dirishani.

Biashara si mbaya. Wateja wamelizoea benchi.

Yule mtoto wa mlimani nimemsikitikia. Watoto hupona haraka na nywele huota. Wazazi wake ni watu wenye uwezo, watamhamisha.

Nyundo alikuwa ameshaanza kuulizia shule yenu. Hilo ulikuwa hulijui. Aliandika kwamba Jumatatu watu wake watasimama kwenye lango la kijani mpaka wampate mwenye ile mikono. Niliisoma nikiwa kaunta, mteja amesimama mbele yangu anahesabu namba zake za bahati kwa sauti, moja moja, nami nasema ndiyo, ndiyo. Mtu hutumia kilichopo mkononi. Kichwani mwangu hakukuwa na sura ya mtoto yeyote mwingine. Kulikuwa na rangi tu, ya sare.

Umeniuliza swali. Nimelisoma. Wewe una masikio yako yote mawili, na mimi nikiamka asubuhi hilo ndilo nashukuru kwanza.

Panda basi, mwanangu.

Mjomba wako


12 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Mama hajambo, kikohozi kimekwisha. Nimempa ile tiketi ya basi aitunze. Anadhani nitakuja, na ameanza kunikunjia nguo. Sijamwambia lolote kuhusu barua yako. Hajui ni nani aliyeandika kwenye kundi, na simwambii mimi. Wewe ni kaka yake.

Nimekuelewa. Nimeisoma mara nyingi mpaka nimeijua kwa moyo, na kila mara nafika kwenye neno "rangi" nasimama. Nimejiuliza kama ulikuwa unanilinda mimi au mashine yako, kwa maana wangejua kwamba mpwa wa wakala ndiye mnunuzi wa Bodi, wewe ndiye Umoja ungemgeuka kwanza, na biashara yako ingekufa. Labda hata wewe hujui.

Ningeweza kuja. Chumba chenye meza dirishani, nimekiota. Lakini mambo hayajaisha kama ulivyofikiri. Wiki iliyopita vioo viwili vingine vimezimwa, kimoja karibu na kituo cha basi na kingine sokoni. Bodi imepata mnunuzi mwingine, sijui ni nani. Nyundo haamini hilo. Anasema ni yule yule wa mlimani, kwamba kipigo hakikutosha. Wazazi wake si watu wenye uwezo, Mjomba, baba yake anaosha magari, hawana pa kumhamishia. Hatoki ndani. Wanasema akitoka tu atarudishwa ghalani.

Nilikwenda kwa Afisa. Nilimwomba Bodi itangaze jambo moja tu, kwamba yule msichana si wao na hajawahi kuwa wao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza taratibu, kama mwalimu, kwamba Bodi haisemi nani ni mnunuzi na haisemi nani siye, kwa sababu ikimwondoa mmoja watu watawatafuta waliobaki. "Kanuni hii inakulinda wewe," akaniambia. Nyuma yake ukutani palikuwa na ramani ya mji mzima, na pini nyekundu kwenye kila duka lililofungwa. Zilikuwa nyingi barabara ya posta.

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Saa. Nilimwambia wa kwenye picha ni mimi. Mshona viatu akaacha nyundo yake hewani.

"Ulisema hujui," Fundi Saa akasema.

"Nilidanganya."

"Nilikuwa na swali la kukuuliza, nimelisahau," akasema. Baadaye akalikumbuka. Aliuliza kama siku ile, nilipokuwa nimesimama tu baada ya kulipa, nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia nilitaka aniulize miaka yangu. Akainama akaanza kutafuta kifaa fulani mezani na hakukipata.

Mawakala wa huku wanakutana kesho, Jumamosi, kwenye ua wa Nyundo, wanakuja wote. Nitakwenda. Nitavaa sare, nitasimama mahali wote wananiona, nitasema jina langu lote na kuwaonyesha cheti cha Bodi, maana bila cheti hawataniamini, watasema nimetumwa kumtetea mwenzangu. Nitasema mtoto wa mlimani aachwe atoke nje. Kuhusu kundi la simu sitasema chochote, hata wakiniuliza. Fundi Saa amesema atakuja kusimama nami. Aliposema hivyo alikuwa anaiangalia saa ya mtu.

Usifikiri siogopi. Nimeshindwa kula tangu jana, na barua hii naiandika kwa mara ya tatu. Mimi hata darasani nikiitwa kusoma sauti haitoki.

Naipeleka posta leo jioni, gari la barua likiwa limeshaondoka. Itakufikia katikati ya wiki. Nimefanya hivyo makusudi, Mjomba, nisamehe, ungepiga simu na mimi ningekusikiliza.

Ukishaisoma, ndipo upige nyumbani. Nikipokea mimi, tutaongea habari za goti lako mpaka salio likuishie. Akipokea mama, usikate. Mwambie yote, na lile ambalo hukutaka kuniandikia, mwambie hilo kwanza.

Mpwa wako